Mtunga Sheria na Kodi Yake

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za mabwana wawili wa Marekani waliokuwa na mamlaka juu ya kodi za wenzao, kisha wakashtakiwa kwamba wao wenyewe hawakulipa sawasawa. Hatuelezi habari hii ili kuwacheka watu wa nchi nyingine. Hakuna nchi yenye Serikali isiyo na kodi, wala hakuna nchi yenye kodi isiyo na manung'uniko. Watu hunung'unika kodi inapokuwa nzito. Lakini hukasirika zaidi wanapodhani kwamba yule anayewaambia, “Lipeni,” hakulipa yeye. Wahenga walisema, Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Basi tujiulize: mashtaka ya namna hii yapimwe kwa kipimo gani, hata tujue lililo kweli na lililo fitina tu?

Kwanza yafaa tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya, yaani kuepuka kodi na kukwepa kodi. Mfano wake hauko mbali nasi. Wazee wetu wa Afrika Mashariki walitozwa kodi ya nyumba; Wajerumani walianza kuitoza katika koloni lao mwaka 1898, na Waingereza nao wakaitoza upande wao. Karani alihesabu nyumba, na kila nyumba ikalipiwa. Pengine watu waliona njia: wakajibana wengi katika nyumba moja ili walipe kodi moja. Nyumba zikapungua, watu wasipungue. Hao hawakusema uwongo, kwa maana karani alihesabu nyumba zilizokuwapo kweli. Huko ndiko kuepuka kodi. Lakini mtu aliyeficha nyumba yake, au aliyempa karani rushwa asiiandike, huyo alikwepa kodi, na kukwepa ni kosa mbele ya sheria.

Tena yuko mtu wa tatu. Tumfikirie aliyetunga sheria yenyewe ya kuhesabu nyumba, akawahimiza watu wote walipe, kisha akabomoa nyumba zake usiku wa kuamkia siku ya hesabu. Huenda sheria isimshike. Lakini nani atakayemsikiliza tena asimamapo barazani kusema juu ya wajibu? Mashtaka ya unafiki huanza hapo, na habari zetu mbili zahusu mtu wa namna hiyo.

Katika Marekani kodi iliyo kubwa ni kodi ya mapato. Katiba yao ilibadilishwa mwaka 1913 ili Serikali kuu ipate ruhusa ya kuitoza. Kodi hii haifanani na ya nyumba. Nyumba huonekana na kila apitaye njiani, lakini mapato ya mtu hayaonekani. Ni lazima mwenyewe ayaandike katika karatasi, aonyeshe aliyopata na hasara zake na sadaka zake, kisha atie sahihi kwamba asema kweli. Kwa hiyo kodi ya mapato hukaa juu ya uaminifu wa mlipaji. Aliye maskini ana machache ya kuandika. Tajiri ana mengi, naye huajiri mawakili wa kumtafutia kila upenyo ulio katika sheria.

Mtu wa kwanza katika habari zetu ni Bwana Andrew Mellon wa mji wa Pittsburgh, mwenye benki na viwanda, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi ile. Alikuwa Waziri wa Fedha tangu mwaka 1921 hata mwaka 1932, chini ya Marais watatu. Alipoingia kazini, sheria ilitoza dola 73 katika kila dola 100 za ile sehemu ya juu kabisa ya mapato ya matajiri. Bwana Mellon alisema kwamba kodi nzito kupita kiasi huwafukuza matajiri. Huzipeleka fedha zao mahali pasipotozwa kodi, na Serikali hukosa vyote. Alishauri kodi ipunguzwe, akaeleza mawazo yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1924. Bunge likamsikiliza, na kufika mwaka 1925 sehemu ile ya juu ilitozwa dola 25 tu katika kila 100.

Wako waliomsifu kwa busara yake, na wako waliosema, “Huyu amejipunguzia mwenyewe.” Maneno hayo yakazidi biashara ilipoanguka tangu mwaka 1929, watu wengi wakakosa kazi. Mwaka 1933 chama kingine kilishika Serikali, na Rais akawa Franklin Roosevelt. Mwaka 1934 Serikali ilimshtaki Bwana Mellon kwamba alifanya udanganyifu katika kodi yake ya mwaka 1931, yaani wakati alipokuwa Waziri wa Fedha. Raia waliokusanyika Pittsburgh kusikiliza ushahidi wakakataa kumpeleka katika mahakama ya jinai. Serikali haikukubali kuacha, ikaipeleka habari mbele ya baraza lililoamua mashauri ya kodi, na mwaka 1935 shauri likasikilizwa.

Yaliyoonekana pale yafaa kuangaliwa vizuri. Bwana Mellon aliuza hisa zilizokuwa zimeshuka bei, akaiandika hasara ile katika hesabu ya mapato yake, na kodi yake ikapungua. Lakini hisa zile zikarudi baada ya muda mfupi katika kampuni iliyokuwa mali ya watoto wake. Vile vile alitoa picha za thamani kubwa, zilizochorwa na mafundi mashuhuri wa zamani, akazitia katika amana ya sadaka aliyoiunda mwenyewe. Wakili wa Serikali alisema ya kuwa picha zilitolewa kwa karatasi tu. Mzee akajibu kwamba nia yake ilikuwa kuwapa watu wa Marekani nyumba ya picha iliyo mali ya taifa.

Mzee yule alikufa mwezi wa Agosti 1937 kabla ya hukumu. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule baraza likaamua. Katika mambo mengine hesabu yake haikukubaliwa, na kodi zaidi ikadaiwa. Lakini juu ya shtaka la udanganyifu walisema halikuthibitika. Nayo ile nyumba ya picha ikajengwa katika mji wa Washington kwa fedha zake, ikafunguliwa mwaka 1941, nayo ipo hata leo.

Twajifunza nini kwake? Twaona kwamba shtaka laweza kuvumishwa na siasa, na aliyeitwa mwizi katika magazeti asionekane mwizi mbele ya waamuzi. Lakini twaona na la pili: kutokuwa mwizi si sawa na kuwa mfano mwema. Waziri wa Fedha ni mlinzi wa mlango. Mlinzi akipita mlangoni kwa njia asizozijua mtu wa kawaida, asishangae watu wakimtazama kwa jicho baya.

Habari ya pili ni ya Bwana Richard Nixon, aliyekuwa Rais tangu Januari 1969. Mwezi ule ule alioingia, Waziri wa Fedha wa Serikali iliyokuwa ikitoka aliliambia Bunge jambo lililowachoma watu: kwamba katika mwaka 1967 walikuwapo watu 155 waliopata zaidi ya dola 200,000 kila mmoja, na wala hawakulipa kodi ya mapato hata senti moja. Barua za hasira zikafurika Bungeni. Rais Nixon naye akalitaka Bunge litengeneze sheria, ili kila tajiri atoe sehemu yake. Tarehe 30 Desemba 1969 alitia sahihi sheria mpya kwa mkono wake.

Miongoni mwa mianya iliyozibwa na sheria ile ulikuwamo mmoja uliowafaa hasa wenye vyeo. Zamani mtu mkubwa aliweza kuipa Serikali barua na karatasi zake za kazi ili zihifadhiwe, kisha thamani yake ikapunguzwa katika mapato yake kana kwamba ametoa sadaka ya fedha. Sheria mpya ikasema kwamba karatasi zilizotolewa baada ya tarehe 25 Julai 1969 hazitapunguza kodi tena.

Sasa tazama yaliyotokea. Bwana Nixon alikuwa na karatasi nyingi za miaka aliyokuwa Mbunge na Makamu wa Rais. Zilifikishwa katika nyumba ya kumbukumbu za Serikali mwezi wa Machi 1969, nazo zikakadiriwa kuwa na thamani ya dola zaidi ya 500,000. Lakini kuzifikisha si kuzitoa. Mtu aweza kuweka mali yake ghalani mwa jirani na isiwe ya jirani. Hati ya kuzitoa ilikuwa na tarehe ya Machi 1969, lakini kwa kweli iliandikwa mwezi wa Aprili 1970, mlango ulipokuwa umekwisha kufungwa. Kwa hati ile kodi ya Rais ikashuka mno. Mshahara wake ulikuwa dola 200,000 kwa mwaka. Kwa mwaka 1970 alilipa dola 792 na senti 81. Kwa mwaka 1971, dola 878 na senti 3. Ukigawanya utaona kwamba kwa kila dola 1,000 za mshahara hakutoa hata dola 5.

Je, Ofisi ya Kodi haikuona? Iliona karatasi. Mwezi wa Juni 1973 ilimwandikia kwamba hesabu zake za miaka 1971 na 1972 ni sahihi, ikamsifu kwa uangalifu wake. Twadhani kila msomaji aelewa kwa nini. Ni vigumu karani kukagua kikapu cha bwana wake.

Jambo likafichuliwa na gazeti. Mwezi wa Oktoba 1973 gazeti la Providence Journal lilichapisha kiasi cha kodi alicholipa Rais. Mwezi huo huo, tarehe 10, Makamu wa Rais, Bwana Spiro Agnew, alijiuzulu, wala hakupinga mahakamani shtaka la kukwepa kodi ya mapato yake ya mwaka 1967. Akatozwa faini ya dola 10,000. Tarehe 17 Novemba, mbele ya wahariri wa magazeti, Rais aliulizwa juu ya kodi yake. Katika mazungumzo yale alisema kwamba watu wana haki ya kujua kama Rais wao ni mwizi, na kwamba yeye si mwizi.

Mwezi wa Desemba Rais alizitoa hesabu zake hadharani, akaomba kamati ya Bunge izikague. Tarehe 3 Aprili 1974 wakaguzi wa kamati wakajibu kwamba apaswa kulipa dola 476,431 pamoja na riba ya kuchelewa. Sadaka ya karatasi haikukubaliwa, maana haikukamilika kabla ya Julai 25. Tena walimhesabia mambo mengine, kama nauli ya jamaa zake katika ndege za Serikali. Ofisi ya Kodi nayo ilifanya hesabu yake upya, na Rais akasema ya kuwa atalipa. Mwezi wa Julai mwaka ule wajumbe wa kamati ya sheria ya Bunge walipiga kura juu ya kumshtaki kwa habari ya kodi. 12 wakakubali, 26 wakakataa. Hivyo hakuanguka kwa ajili ya kodi. Alijiuzulu tarehe 9 Agosti 1974 kwa mambo mengine makubwa. Lakini msaidizi aliyetia sahihi hati ile yenye tarehe ya uwongo alikiri kosa mahakamani, akafungwa jela.

Tukiziweka habari hizi mbili pamoja, tofauti yaonekana. Bwana Mellon alipita katika mianya iliyokuwa wazi, na watu wakagombana kama ilimpasa kupita. Katika habari ya Bwana Nixon mlango ulikuwa umefungwa kwa sahihi yake mwenyewe, kisha karatasi zake zikapitishwa usiku kwa tarehe ya jana. Nyani haoni kundule, wasema wazee. Bali aliye mtawala yampasa ajitazame kabla ya kuwatazama wengine.

Faida ilipatikana pia. Baada ya mambo hayo iliwekwa kanuni, mwaka 1977, kwamba hesabu ya kodi ya kila Rais na Makamu wake ikaguliwe kila mwaka, ili karani asitegemee ujasiri wake peke yake. Tena Marais na wale waliotaka urais wakaanza desturi ya kuzitangaza hesabu zao. Lakini desturi si sheria. Mwaka 2016 Bwana Donald Trump aligombea akashinda bila ya kuzitangaza, na hesabu zake za miaka sita zilitolewa na kamati ya Bunge mwezi wa Desemba 2022, baada ya mashauri marefu mahakamani.

Basi twawashauri wasomaji wetu, hasa vijana walio shuleni: mkisikia kwamba mkubwa fulani hakulipa kodi, msikimbilie kumhukumu, wala msikimbilie kumtetea kwa kuwa ni wa kabila lenu au wa chama chenu. Ulizeni mambo matatu. Je, alivunja sheria, au aliitumia tu? Je, yeye mwenyewe alikuwa na mkono katika kuitunga sheria ile? Na je, hesabu zake zimefunguliwa zikakaguliwa na mtu asiyemwogopa? Swali la tatu ndilo kubwa, kwa sababu bila ya jibu lake, mawili ya kwanza hubaki maneno ya barazani. Bwana Mellon aliondolewa shtaka la udanganyifu kwa sababu hesabu zake zilifunguliwa, na deni la Bwana Nixon lilijulikana kwa sababu hiyo hiyo.