Drive-In ya Msasani, Kabla ya Ukuta



Wengi wetu tulioomba viza ya Marekani kule Dar es Salaam kuanzia mwaka 2003 tulipanga foleni kwenye uwanja wa sinema, na sidhani kama vijana wanalijua hilo. Ubalozi uliotangulia, wa Oysterbay, ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, wakafa watu 11. Baada ya hapo Wamarekani walihitaji eneo kubwa, jengo likae mbali na barabara. Msasani palikuwa na kiwanja cha namna hiyo: kipana, kimelala, katikati peupe. Kilikuwa kiwanja cha Drive-In.

Ninakokaa mimi, Beltsville, nikiwaambia wenyeji kwamba Dar ya Ujamaa ilikuwa na sinema ya magari, wanacheka. Hao nawasamehe. Ninaogombana nao ni wenzetu wanaodai kuwa ile ilikuwa starehe ya mabalozi, Wahindi na vigogo, na kwamba Azimio la Arusha ndilo liliiua. Si kweli.

Mambo haya yalianza New Jersey. Richard Hollingshead alifungua ya kwanza karibu na mji wa Camden tarehe 6 Juni 1933, akiwa na hataza ya kubuni matuta yanayoinua pua za magari ili wa nyuma waone juu ya wa mbele. Yake haikufikisha hata miaka mitano. Hataza yenyewe ilibatilishwa mahakamani mwaka 1949: majaji walisema kupanga matuta si uvumbuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na zaidi ya sinema 4,000 za aina hiyo. Hapa Maryland, Bengies ilifunguliwa mwaka 1956.

Ya Dar ilifunguliwa mwaka 1966. Na hapa kuna jambo ambalo sisi wa Ikweta hatulifikirii. Sinema ya nje inataka giza. Maryland mwezi Juni jua linazama saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo picha inaanza watoto wakiwa wameshasinzia. Tena mwaka ule ule wa 1966 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi nchi nzima, wenye sinema wakalia. Dar, mwaka mzima, saa moja na kitu giza limeingia. Hakuna theluji. Ukiacha mvua za masika, chombo hiki kilitufaa sisi kuliko waliokibuni!

Sasa Azimio. Lilitangazwa Februari 1967, sinema haijakaa vizuri. Lakini hebu tulisome tena. Liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba, kumiliki hisa. Halikumkataza mtu kukaa kwenye gari akaangalia picha. Serikali yenyewe iliunda Tanzania Film Company mwaka 1968, na mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ikachukua nyumba nyingi za sinema. Hiyo si serikali iliyochukia sinema, ni serikali iliyotaka mapato yake. Laura Fair, mwanahistoria Mmarekani, aliandika makala mwaka 2013 kuhusu Drive-In hii na ujamaa, kisha kitabu kizima cha sinema za Tanzania mwaka 2018. Kisomeni.

Mimi nina ushahidi wa pikapu. Baba hakuwa na gari. Jirani yetu alikuwa dereva wa shirika la umma, na Jumamosi moja moja Peugeot 404 ya kazini ilipotea njia ikafika Msasani. Tulikuwa kumi na wangapi sijui. Gari liliingia kinyumenyume, bodi ikitazama pazia, mkeka ukatandikwa, mama akafungua bajia na chai ya chupa. Spika ilining'inizwa ubavuni, ikikoroma zaidi kuliko kusema. Kulia kwetu familia ya Kihindi na masufuria yake, kushoto Land Rover imejaa watu kama daladala. Gari moja mjini kwetu halikuwa la mtu mmoja, manake ukihesabu magari tu utakosa watu.

Kilichoiua ni mambo mengine. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena 1979, ikafika wakati gari binafsi halitembei Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Matairi na vipuri vikaadimika. Halafu kanda za video, miaka ya 1980, na mwaka 1994 ITV ikaingia sebuleni. Kufikia hapo ardhi ya Msasani ilikuwa na thamani kuliko tiketi zote.

Mwaka 2006 nilimsindikiza mama kwenye usaili wa viza. Nilimsubiri ng'ambo ya barabara, chini ya mti, saa mbili hivi. Alipotoka hakuanza na habari ya viza. Aliutazama ule ukuta, akanyoosha mkono.

"Pikapu tulikuwa tunaegesha pale," akasema. "Penye yule askari."