Daktari wa uloto na panya wa wino

Mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, kwa kutumia seli shina za ndugu zao. Wazazi wengi walisikia habari hiyo redioni. Wachache waliwahi kusikia jina la Robert Alan Good, daktari aliyethibitisha kwamba damu mpya ya mtoto inaweza kuchipuka kutoka kwa dada yake.

Good alizaliwa mwaka 1922 huko Crosby, mji wa migodi ya chuma jimboni Minnesota, Marekani. Akiwa mwanafunzi alipooza kwa maradhi yaliyofanana na polio. Alisimama tena, ila akabaki akichechemea. Mwaka 1947 alipata udaktari wa tiba na shahada ya uzamivu kwa pamoja.

Kilichomvuta kwenye kinga ya mwili ni mgonjwa mmoja mtu mzima aliyeandamwa na maambukizi yasiyoisha, huku ana uvimbe katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Wakati huo hakuna aliyejua kwa hakika kazi ya tezi hiyo. Good na wenzake waliiondoa kwa sungura wakubwa, wasione badiliko. Walipoiondoa kwa sungura wachanga, kinga ilidhoofika. Jacques Miller, aliyekuwa London, alipata jibu hilohilo kwa panya mwaka 1961, na ndiye anayesifiwa zaidi.

Kisha ukaja Agosti 1968. Good aliletewa mvulana ambaye hajatimiza nusu mwaka, aliyezaliwa bila kinga. Wavulana kadhaa wa upande wa mama yake walikuwa wamekufa wangali wachanga kwa ugonjwa huohuo. Kumpa uloto wa mtu mwingine kulikuwa hatari kubwa, kwa kuwa seli ngeni hukuta mwili usioweza kujitetea, zikaushambulia. Good alichagua dada yake, ambaye vinasaba vyake vilikaribiana na vya mtoto. Hata hivyo mashambulizi yalikuja. Mtoto akayavuka, kisha damu yake mwenyewe ikaacha kutengenezwa. Akapandikizwa mara ya pili. Safari hii kundi lake la damu likageuka kuwa la dada yake, na mvulana yule akakua mpaka utu uzima.

Mwaka 1973 picha ya Good ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time, naye akahamia New York kuiongoza taasisi ya utafiti ya Sloan-Kettering. Alimchukua kijana wake wa maabara, William Summerlin, aliyedai kwamba ngozi ikitunzwa kwa majuma kadhaa nje ya mwili, mwili wa mgeni huipokea bila ugomvi. Dai hilo lingebadili upandikizaji wote, lakini wenzake walilirudia bila kufanikiwa. Asubuhi ya Machi 26, 1974, akiwa njiani kwenda ofisini kwa Good, Summerlin alichukua kalamu ya wino mweusi akapaka viraka kwenye panya weupe ili waonekane wamepokea ngozi nyeusi. Good aliwatazama, hakushuku kitu. Mfanyakazi wa maabara ndiye aliyeushtukia weusi ule, akaufuta kwa spiriti, ukatoka.

Summerlin alikiri na kuondolewa. Kamati ya uchunguzi haikumwona Good kuwa mdanganyifu, ila ilimlaumu kwa usimamizi hafifu na kwa kuyatangaza matokeo mapema mno. Lawama hiyo ilikuwa ya haki: kiongozi anayeweka jina lake kwenye utafiti ana wajibu wa kuukagua. Lisilo la haki ni kwamba panya wale wamemfunika mtoto wa 1968. Nobeli ya upandikizaji ilipotolewa mwaka 1990, ilikwenda kwa Joseph Murray wa figo na E. Donnall Thomas wa uloto, ambao waliistahili kabisa. Good hakuwamo.

Aliacha uongozi wa Sloan-Kettering mwaka 1980, akapitia Oklahoma, kisha akahamia hospitali ya watoto ya St. Petersburg, Florida. Huko aliendelea na utafiti na kutibu watoto wenye upungufu wa kinga hadi uzeeni. Saratani ya umio ilimuua Juni 2003, akiwa na umri wa miaka 81.