Kutengeneza katuni kwa PowerPoint: mwalimu aanzie wapi?

Ubongo Kids, katuni iliyoanza kurushwa kwenye runinga mwaka 2014, hutengenezwa Dar es Salaam. Ukiwa Visiga, ni kushika barabara ya Morogoro tu mpaka mjini. Studio kama ile ina vifaa ambavyo shule zetu hazina, lakini siri yake inafundishika kwa kompyuta moja.

Katuni ni picha nyingi zisizotembea, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyotangulia, zikipita haraka mbele ya macho. Filamu za sinema hutumia picha 24 kwa sekunde. Darasani picha 10 zinatosha, ingawa zitarukaruka kidogo. Kwa hiyo katuni ya sekunde 5 inahitaji slaidi 50.

PowerPoint inaweza kazi hii bila intaneti wala bando. Asiye nayo atumie LibreOffice Impress, ambayo ni ya bure.

Tuchukue mfano wa basi linaloondoka kituoni. Mwanafunzi achore barabara, kisha basi kwa mstatili na miduara miwili, aviunganishe viwe kitu kimoja. Abofye slaidi hiyo katika orodha ya kushoto, abonyeze Ctrl pamoja na D. Itatokea slaidi ya pili inayofanana nayo. Hapo alisogeze basi kidogo kwa vitufe vya mishale, halafu arudufu hiyo ya pili, si ile ya kwanza. Wengi hukosea hapa, na basi lao hurudi kituoni kila mara.

Basi halichomoki kituoni kwa mwendo mkubwa. Hatua za mwanzo ziwe fupi sana, zirefuke kadiri linavyoshika kasi, zifupike tena linapokaribia kusimama. Mwanafunzi akilielewa hilo, amegusa somo la fizikia kabla hajafika huko. Ndiyo maana hatupendi aanze na miondoko iliyomo tayari ndani ya programu: anabonyeza mara moja, basi linakimbia, naye hajafikiria chochote.

Slaidi zikitimia, zichaguliwe zote kwa Ctrl na A katika orodha ile ile. Kwenye sehemu iliyoandikwa Transitions, ondoa alama ya On Mouse Click, weka alama kwenye After na uandike 00:00.10. Bonyeza F5 utazame. Kompyuta kuukuu huenda ikachelewa kidogo. Kuanzia PowerPoint ya 2013, unaweza kuihifadhi kama video ya MP4 na kuitazama kwenye simu.

Kinachotusumbua zaidi ni zamu. Kompyuta moja, watoto arobaini, na wanaoshika mausi ni wale wale. Dawa yake ni daftari. Kila kikundi kichore kwanza picha 20 kwa penseli kwenye kona za kurasa, kizipeperushe kwa kidole gumba, kirekebishe hatua zisizokaa sawa. Zamu yao ikifika, kazi ya kufikiri imeshafanywa, na aliyechora kwenye daftari ndiye ashike mausi.

Baada ya basi, jaribuni mbegu ya maharage kwenye pamba yenye unyevu: waichore kila siku inavyoota, kisha wajaze hatua za katikati wenyewe. Na kila baada ya slaidi chache wabonyeze Ctrl na S, maana umeme haubishi hodi unapokatika.