Dakika Nane za Kilwa



Atakaye kuiona pwani yetu ya Lindi ilivyokuwa zamani sana, hana budi kutazama picha zilizohifadhiwa Berlin. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria huko Tendaguru. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa machimbo yale, twamjua sura kwa sababu alipigwa picha.

Nami nilikuwa mpiga picha, ijapokuwa mdogo. Mwaka 1996, nikiwa mwanafunzi wa filamu, nilitumwa Kilwa Kisiwani na kamera ya Bolex, ile ya kujazwa kwa mkono kama saa ya ukutani. Nilipewa mikanda mitatu ya milimita 16, kila mmoja futi 100. Futi 100 hazifiki hata dakika tatu! Kwenye kivuko cha Ndundu, mto Rufiji, basi letu lilingoja tangu asubuhi hadi alasiri, na mikanda nimeifunga kwa kanga isipate joto.

Kisiwani sikubonyeza ovyo. Mbele ya Msikiti Mkuu nilikaa kutwa nikingoja jua lishuke. Ukuta wa Gereza, upande unaoliwa na bahari, niliuzunguka mara nne kabla ya kuupiga. Kisha mzee mmoja, fundi, akanionyesha namna ya kupanga magogo na matumbawe ya kuchoma chokaa, chokaa ile ile iliyojenga mji. Nikampa mkanda mzima.

Mikanda ilisafishwa baada ya miezi minne. Miwili ilitoka vizuri. Wa mzee ulikuwa umeingia mwanga; haukuwa na kitu. Na mzee alikwisha fariki.

Nilirudi mwaka 2004. Daraja la Mkapa lilikwisha funguliwa mwaka uliotangulia, nami nilikuwa na kamera ya dijitali, kaseti moja saa nzima. Jioni, huko Masoko, niliyatazama yote niliyopiga mchana. Nilifurahi, kisha nikaona uchungu: kwa kamera hii ningaligundua kosa siku ile ile, nikamrudia mzee kesho yake. Lakini sikungoja jua hata mara moja. Nilileta kaseti kumi na moja, na sehemu kubwa ni anga na viatu vyangu.

Mwaka huo huo UNESCO iliyaingiza magofu, yaliyokuwa urithi wa dunia tangu 1981, katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yalitengenezwa, yakatolewa orodhani mwaka 2014. Nilipotaka kuona Gereza lilivyokuwa kabla ya matengenezo, mashine ya kaseti ilikuwa imekufa na dukani hakuna nyingine. Mkanda wa 1996 niliushika tu dirishani, ukuta ukaonekana.

Basi, mlio na negativu za shule yetu, za gwaride, michezo, hata za jikoni, zileteni siku ya mkutano. Nitakuja na mashine ya kuzinakili, nanyi mtaondoka nazo.