Lori Lililoendeshwa na Mteremko

Mkokoteni ukiachiliwa kwa mteremko unaenda, tena kwa spidi. Hiyo haimaanishi una injini. Kila mtoto wa mtaa anajua hivyo, lakini huko Marekani kuna watu walipoteza akiba zao kwa sababu ya kitu kama hicho.

Kampuni ilikuwa inaitwa Nikola. Mwanzilishi, Trevor Milton, alikuwa mtu wa mdomo mtamu. Desemba 2016, jijini Salt Lake City, alifunua lori linaloitwa Nikola One, akaambia watu kwamba linafanya kazi kabisa. Baadaye ilijulikana kwamba lilikosa vitu vya maana, gia na mota zikiwemo.

Januari 2018 ikatoka video. Lori linakata barabara, safi, unaona kabisa future imefika. Kumbe lilivutwa hadi juu ya mteremko huko Utah, likaachiliwa lishuke. Dereva wa matatu anayeshuka na free anaelewa hiyo teknolojia vizuri sana.

Ahadi kubwa hata haikuwa lori, ilikuwa mafuta yake. Haidrojeni ikikutana na oksijeni ndani ya seli yake inatoa umeme na maji. Hakuna moshi. Hiyo ni sayansi ya kweli, si uchawi. Shida ni kwamba haidrojeni haichimbwi tu kama maji ya kisima. Lazima uitengeneze, na nyingi duniani inatoka kwa gesi asilia. Halafu uigandamize, uisafirishe na ujenge vituo vya kujaza. Kila hatua inakula pesa na nguvu. Milton alidai kampuni tayari inatengeneza yake kwa bei ya chini. Haikuwa imetengeneza hata kidogo.

Juni 2020 Nikola ikaingia soko la hisa. Watu walikuwa wamefungiwa nyumbani na korona, wananunua hisa kwa simu. Kwa muda mfupi thamani yake ilipita ya Ford, na haikuwa imeuza lori hata moja! Septemba 8, General Motors wakatangaza mkataba nayo. Siku mbili baadaye Hindenburg Research wakatoa ripoti ya kuianika, na ukumbuke hata wao wangepata faida hisa zikianguka. Lakini mambo ya mteremko yalikuwa kweli.

Sasa sikia jibu la kampuni. Walisema hawakuwahi kudai lori linajiendesha kwa nguvu zake. Walisema tu liko kwenye mwendo.

Soma hiyo tena. Huwezi kuwashika kwa neno, na bado umedanganywa. Ndiyo maana mimi siogopi uwongo mtupu kama ninavyoogopa ukweli uliokatwa nusu.

Milton aliondoka mwezi huo huo. Oktoba 2022 alipatikana na hatia ya ulaghai, na Desemba 2023 akahukumiwa miaka 4 jela. Hakuikalia. Machi 2025 Rais Trump alimsamehe. Nikola yenyewe ilikuwa imeomba kinga ya kufilisika mwezi mmoja kabla. Na si kwamba haikuwahi kuunda malori ya kweli. Iliunda, lakini mwaka wa 2023 ilibidi iyarudishe 209 ya betri baada ya visa vya moto.

Kwa hivyo, magari ya umeme ni kanyaboya? Hapana. Yapo, yanafanya kazi, na mengine yako hapa Nairobi yakibeba abiria. Ila mtu akikuonyesha mashine mpya kabla hujatoa shilingi, usiulize kama inasonga. Uliza ni nini kinazungusha magurudumu, na uombe aigeuze ipande mlima ikiwa na mzigo.

Mwenye kampuni alipata msamaha. Mwenye kununua hisa na akiba ya uzeeni hakupata wa kumsamehe hasara.