Mlango kwa Mlango, Kata ya Saba

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sosholojia hukutana na wazee wale wale. Akifungua madesa aliyotoa fotokopi, anaanza na Auguste Comte, Mfaransa aliyelipa somo hili jina katika miaka ya 1830. Anafuata Karl Marx na matabaka yake, kisha Émile Durkheim, kisha Max Weber, wote na ndevu zao. Ibn Khaldun wa Tunis, aliyeeleza katika Muqaddimah ya mwaka 1377 jinsi asabiyya, ule mshikamano wa ukoo na kundi, inavyosimamisha dola na ikilegea dola huanguka, akibahatika hupata aya moja. W. E. B. Du Bois mara nyingi hapati hata hiyo.

Sina ugomvi na wazee hao. Mwaka 1897 Durkheim alichukua jambo tunalolidhani siri ya moyo wa mtu mmoja, kujiua, akaonyesha kwamba viwango vyake hupanda na kushuka kwa kufuata dini, ndoa na hali ya nchi. Ndipo wanafunzi wanapojifunza maana ya ukweli wa kijamii: nguvu iliyo nje ya mtu, inayomsukuma asijue. Lakini Durkheim alizipata takwimu zake kwenye majedwali ya serikali, naye ameketi mezani.

Ng'ambo ya Atlantiki, kijana wa miaka 28 alikuwa anabisha hodi. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwita Du Bois, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata udaktari wa falsafa Harvard, achunguze Kata ya Saba ya Philadelphia, walikojaa watu weusi. Wakubwa wa mji walikwisha kuwa na jibu lao: weusi ndio wanaouharibu mji. Chuo kilimpa cheo cha msaidizi na dola 900 kwa mwaka. Ofisi hakupewa. Yeye na Nina, mkewe waliyeoana karibuni, walipanga chumba humo humo katani, juu ya mgahawa.

Alitengeneza madodoso sita: la familia, la mtu mmoja mmoja, la nyumba, la mtaa, la taasisi, na la watumishi wa ndani wanaolala kwa mabwana zao. Kwa miezi kadhaa alipita mlango kwa mlango, kaya zipatazo 2,500, akiuliza kazi, kodi ya nyumba, asili ya mtu, kusoma na kuandika. Si kila mtu alimkaribisha. Baadaye alikiri kwamba wenyeji hawakupenda kuchunguzwa kama viumbe wa ajabu. Aliyewahi kushika dodoso Manzese, Dar es Salaam, analijua jicho hilo.

Kisha akachora ramani, kila nyumba na rangi ya hali ya wakazi wake. Hapo lile neno "weusi" likasambaratika. Akaona madaraja manne, kuanzia familia zenye uwezo na heshima hadi wahalifu, wote ndani ya kata moja. Akaona mafundi waliofungiwa milango ya kazi, na wapangaji waliotozwa zaidi kwa vyumba vibovu. Uhalifu, kwake, ulikuwa dalili. Chanzo kilikuwa historia ya utumwa na ajira iliyozibwa. Kitabu chake, The Philadelphia Negro, kilitoka mwaka 1899.

Weber alimtambua mapema. Alizuru Marekani mwaka 1904, akamwomba makala kwa jarida lake, nayo ikachapishwa mwaka 1906. Nchini kwa Du Bois mwenyewe, sifa ya kuanzisha utafiti wa miji ilikwenda Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 2006 ndipo chama cha wanasosholojia wa Marekani kilipoipa tuzo yake kubwa jina la Du Bois, mzee aliyefariki Accra tarehe 27 Agosti 1963 akiwa raia wa Ghana.

Ewe wa mwaka wa kwanza, kitabu hicho cha Du Bois hakilindwi tena na hakimiliki na kinasomeka bure kwenye intaneti. Anza na ramani. Kisha nenda mwisho wa kitabu, kwenye viambatisho, usome madodoso yenyewe swali kwa swali. Durkheim atakusubiri.