Kurasa za Imla: Mwanafunzi Kiziwi katika Elimu Mjumuisho Unguja

Katika vikao vya elimu mjumuisho hapa Unguja kuna hoja iliyozoeleka hata haibishwi tena: kwamba madarasa maalumu ya viziwi ni mabaki ya enzi za kutenga watoto, na kila mtoto asome skuli iliyo karibu na kwao. Kwa watoto walio wengi siipingi. Majaribio yalianza 2004, Sera ya Elimu ya 2006 ikayapa nguvu, na watoto waliokuwa wakifichwa ndani wakaonekana wamevaa sare. Ninachobisha ni kuichukua hoja hiyo nzimanzima na kumbebesha mtoto kiziwi.

Kilichonitia shaka ni daftari. Katika skuli moja ya shamba nilikaa nyuma ya darasa la tatu, kando ya mtoto wa kike ambaye ndiye kiziwi pekee pale. Hati yake ilishinda za wenzake wote. Mistari imenyooka, na kila ukurasa una alama ya vyema ya wino mwekundu. Nikafungua kurasa za imla. Tarehe ipo, kichwa cha habari kipo, chini yake hamna kitu, wiki baada ya wiki. Kilichoandikwa ubaoni alikinakili chote, kilichosemwa hakikumfikia. Nikaweka kidole juu ya neno “mbuzi”, alilolinakili mara nne. Alinitazama usoni, kisha akatazama mlango. Mwalimu hakuwa mzembe. Darasa lake limefurika, na ufundishaji wake, kama wetu sote, ni wa kuitikia: “Semeni nyote!” Wote wakasema, na yule naye akafungua kinywa na kukifunga pamoja nao. Kwenye rejista, mtoto huyu amehudhuria.

Daftari moja si utafiti, nakubali. Lakini linaonyesha kikwazo kilipo. Mtoto asiyeona anaisikia lugha ya darasa. Wa kigari akishavushwa ngazi, anaikuta lugha inamngoja. Kiziwi haikuti, na wala hataipata kwa mwalimu mmoja aliyehudhuria semina. Huko Managua, Nicaragua, mwishoni mwa miaka ya 1970, viziwi walikusanywa skulini wafundishwe kusoma midomo. Somo halikushika, ila watoto wenyewe, uwanjani na ndani ya basi, wakaunda lugha ya alama ambayo wanaisimu wanaichunguza mpaka leo. Wangetawanywa, kila mmoja skuli ya mtaa wake, sioni ingezaliwa vipi.

Ajabu ni kwamba Tamko la Salamanca la 1994, linalotajwa katika kila kikao, limesema waziwazi kuwa viziwi huenda wakafaidika zaidi katika skuli maalumu, au katika madarasa maalumu ndani ya skuli za kawaida. Nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 24, unataka utambulisho wa kilugha wa viziwi uendelezwe. Mtoto mmoja peke yake atauendeleza na nani? Wanaotaka madarasa hayo yafungwe ama waliviruka vifungu hivyo, ama hawakufika huko.

Pingamizi zito ni umbali. Mama gani wa Nungwi au Makunduchi atampandisha daladala ya mjini mtoto wa miaka saba kila alfajiri? Na bweni litamng'oa kwao na chuoni kwake. Jibu kamili sina. Ila zikiteuliwa skuli chache za kawaida, kaskazini na kusini, kila moja ikawa na viziwi wa kutosha kuzungumza wao kwa wao, na walimu viziwi wakatafutwa kwa msaada wa Chama cha Viziwi Zanzibar, naamini basi la watoto hao litagharimu kidogo kuliko semina zisizokwisha za kila mwalimu wa kisiwa.

Siku ile kengele ya mapumziko ilipogongwa, nilimfuata yule mtoto nje. Chini ya mwembe alikuwa na shoga yake, na mbuzi wa jirani akapita. Mtoto akaweka vidole viwili chini ya kidevu, akavivuta: ndevu. Shoga yake akacheka, akaonyesha pembe. Mwalimu alikuwa ofisini akisahihisha madaftari.